Huyu Mtoto Aitwe Nani?

Sogeeni mnisaidie, maana mimi kichwa kinaniuma na jibu sina.

Kuna wanawake watatu hapa kwetu Usangi. Mama mkwe wangu, Nakijwa, hashindwi mdako, ule mchezo wa kurusha kijiwe juu na kukidaka huku unazoa vingine. Wifi yangu, Naetwe, huiga mnyama yeyote mpaka mbwa wakimbie. Jirani yangu Hidaya, fundi cherehani, hutoa mdoli kwenye kipande chochote cha kitambaa.

Na kuna mwanangu Mbonea na hasira zake. Akikasirika anarusha mawe. Alishampasua mtoto wa watu paji la uso, nami nina mimba, nawaza, mdogo wake akizaliwa je? Nikamchapa, nikafoka, nikalia, wapi! Basi nikawaropokea wote watatu: atakayemtuliza huyu, nikizaa wa kike nampa jina lake. Na kwetu jina likishaahidiwa halirudishwi.

Mama mkwe akamkalisha kwenye mdako. "Mume wangu, ukinuna jiwe linakukimbia. Rusha juu, daka."

Wifi akacheza naye simba. "Simba akikasirika anampiga nani?"

"Hapigi, shangazi, ananguruma!"

"Haya nguruma, halafu pumua kama simba aliyeshiba."

Hidaya akamshonea mdoli aliyenuna. "Huyu hajui kitu mpaka umwambie nani kakuudhi, kakufanya nini."

Nikajifungua, wa kike. Juzi nimemlaza mkekani uani, akalia, nikakimbia, nikakanyaga gari la udongo ambalo Mbonea alilifinyanga asubuhi nzima. Akaokota jiwe. Kubwa. Na mtoto yuko katikati yetu!

Jiwe likaenda juu, juu kabisa, akalidaka. Akanguruma mpaka kuku wakatawanyika. Akapumua. Kisha akasema, "Mama, umenivunjia gari langu na hata pole hujanipa." Akaliweka jiwe chini.

Nikampa pole.

Sasa sikieni vita. Mama mkwe anasema, "Asingedaka, leo tungekuwa msibani." Wifi anasema, "Mama, kudaka alidaka, lakini hasira ilikuwa bado kifuani. Kunguruma ndiko kulikoitoa." Hidaya naye, "Nyie! Asingesema, huyu mama yake angejuaje kosa lake? Kesho lingerushwa lingine."

Hawasalimiani! Watu wazima waliomfundisha mtoto kutuliza hasira! Nikasema basi nimpe majina yote matatu, wakauliza kwa pamoja, "La kwanza la nani?" Mume wangu anasema, "Uliahidi mwenyewe, amua mwenyewe," anachukua jembe, anaondoka. Na mtoto mpaka leo anaitwa "huyu".

Haya, mmesikia yote, sikuficha kitu. Nakijwa aliyelirudisha jiwe mkononi, Naetwe aliyeitoa hasira kifuani, au Hidaya aliyeipa maneno? Wewe ungekuwa ndiye mama, umembeba huyu, na wote watatu wamesimama mlangoni wanakutazama, ungemwita nani?