Pete ya Ngoma ya Sheikh Mukbili

Inasimuliwa kwamba katika nchi ya Yemen, upande wa Tihama ambako joto halipoi, aliishi mjane mmoja mcha Mungu aliyeitwa Unaisa binti Dahmani. Marehemu mumewe alikuwa fundi wa kutengeneza ngoma kuukuu, na alipofariki, Mola amrehemu, ufundi ule ukabaki mikononi mwa mkewe. Watu walimletea madufu ya maulidi, ngoma za misafara ya Hijja, na zile kubwa zinazopigwa mwezi unapoandama. Walimletea yeye kwa sababu hakuwa na pupa ya kutupa. Kigingi kilicholiwa na mchwa alikiziba, ngozi iliyopasuka ukingoni aliishona, na pale tu kitu kilipokuwa hakifai tena kwa lolote ndipo alipoweka kipya, na siku ya kukabidhi alimwonyesha mwenye ngoma kwa kidole: "Hiki ni cha asili. Hiki ni changu."

Mwaka huo alikuwa amechoka. Mama mkwe wake, Bi Rudaina, alikuwa kitandani mwezi wa tano sasa, hageuki mpaka ageuzwe, hali chakula mpaka alishwe. Unaisa alimwosha, akamfulia, akamsomea Yasini, kisha akarudi kwenye ngozi zake na ile chokaa iliyomchanachana vidole. Hakulalamika, kwa kuwa hata kulalamika kunataka nguvu. Siku nyingine alisujudu akapitiwa na usingizi palepale juu ya msala.

Basi akaja Sheikh Mukbili bin Saadani, mwadhini wa kijiji kimoja cha milimani, mwendo wa siku mbili kwa miguu. Alikuja na ngoma juu ya punda, imefungwa kwa shuka kama mgonjwa. Ngoma hiyo ilikuwa ikipigwa kijijini kwao mvua kubwa iliponyesha huko juu, ili watu walioko mabondeni wakimbie kabla maji hayajashuka. Vizazi vinne vilikuwa vimeisikia.

"Bibi fundi," alisema Sheikh Mukbili, "ngozi najua imekwisha, weka nyingine. Ila mbao zake nataka zibaki zilezile. Ukishindwa, usijisumbue. Niambie tu, nitaichukua kama ilivyo."

"Inshallah zitabaki, Sheikh," akajibu Unaisa.

Mzinga wa ngoma, yaani mwili wake wa mti, ulikuwa mzima. Taabu ilikuwa kwenye pete, lile duara la mti wa mkunazi linaloizunguka ngozi na kuikaza mdomoni. Ilikuwa imepasuka mahali patatu. Iliweza kuponywa, na Unaisa alijua namna yake: kuilowesha siku sita, kuikunja kidogokidogo, kuifunga kwa kano za ng'ombe na kuiacha ikauke kivulini. Kazi yake kubwa ni kungoja.

Siku ya tatu ya kuilowesha, Bi Rudaina alipatwa na homa, na Unaisa hakuketi toka alfajiri hadi adhuhuri. Alipopata nafasi, aliitoa pete majini. Aliibonyeza kwa kidole akaona bado ni kavu ndani. Akasema moyoni, itakubali tu. Akaikunja. Ilikatika vipande viwili kwa mlio mdogo, kama mtu anayevunja kijiti cha kuwashia moto.

Akakaa chini. Kisha akainuka, akachukua tawi la mkunazi lililokuwapo uani, akachonga pete nyingine kwa kipimo kilekile. Akaipaka maji ya maganda ya kahawa yaliyochemshwa mpaka ikawa nyeusi, akaitia moshi, akaisugua kwa mafuta ya ufuta, akaigongagonga kwa jiwe ili ionekane imeona miaka. Mikono yake ilifanya hayo yote vizuri mno, na jambo hilo ndilo lililomtia hofu baadaye. Vile vipande vya zamani akavitia jikoni, akavipikia uji wa mgonjwa.

Sheikh Mukbili aliporudi, aliipapasa ngoma yake pande zote. Akaipiga mara moja, ikanguruma hata kuku wa jirani wakatawanyika. Machozi yakamlengalenga.

"Na mbao ni zilezile?" akauliza.

Unaisa alikuwa amesimama wima tangu alfajiri. Neno lililokuwa karibu na ulimi ndilo lililotoka. "Ni zilezile, Sheikh."

Sheikh Mukbili akainua mikono. "Mwenyezi Mungu akuhifadhi kama ulivyoihifadhi amana yetu."

"Amin," alisema Unaisa, kwa kuwa hakuna awezaye kuikataa dua usoni pa mwenye kuiomba.

Toka siku ile dua ikawa inamsumbua. Akisimama kwenye swala anaisikia. Akimgeuza mama mkwe anaisikia: *kama ulivyoihifadhi*. Alikuwa ameombewa ahifadhiwe kwa kadiri ya uaminifu wake, na kadiri hiyo aliijua mwenyewe.

Alasiri moja Bi Rudaina, ambaye mwili ulikuwa umemwacha lakini akili haijamwacha, alimshika mkono. "Mwanangu, una nini?"

"Nimechoka, mama."

"Umechoka tangu Rajabu. Hili ni jingine."

Unaisa akamweleza. Alipofika kwenye habari ya pete kukatika, alisema, "Nilikuwa na haraka, kwa sababu…"

"Sema," alisema mkongwe. "Kwa sababu yangu."

"Hapana, mama. Wewe hukuishika pete ile. Mimi ndiye niliyeikunja, na mimi ndiye niliyesema uongo."

Bi Rudaina akafumba macho. Kisha akasema, "Nenda ukamwambie."

"Na nani atakugeuza?"

"Mwite binti wa jirani yetu Zuleha. Atanigeuza vibaya, nami nitavumilia. Nenda, mwanangu. Mimi nina safari yangu karibu, na sitaki kuondoka katika nyumba yenye jambo kama hilo."

Akatoka baada ya swala ya alfajiri, akafuatana na wanawake waliokuwa wakipeleka chumvi milimani. Siku ya kwanza visigino vilipasuka. Siku ya pili, njia ilipoanza kupanda, alikuwa akihesabu hatua ishirini, anapumzika, anahesabu tena. Zaidi ya mara moja alijiambia kwamba ngoma inalia vizuri na hakuna aliyedhurika. Akaijibu nafsi yake kwa kuinuka na kwenda, maana hoja nyingine hakuwa nayo.

Kijijini walimpokea kwa shangwe, na hilo likawa zito kuliko mlima. Walimjua kuwa ndiye aliyeiponya ngoma yao. Bi Dhabia, dada yake Sheikh Mukbili, alimtandikia mkeka, akamletea mkate wa moto na asali. Ngoma ilikuwa imetundikwa kibarazani mwa msikiti, na watoto walikuwa wakiigusa kwa adabu.

Unaisa hakugusa chakula. "Sheikh," alisema mbele ya watu wote, "pete ile si ya asili. Ya asili niliivunja kwa haraka yangu. Nikachonga nyingine, nikaizeesha kwa moshi na kahawa ili usijue. Ukaniuliza, nikakudanganya. Na ile ya zamani nimeichoma moto, siwezi kuirudisha."

Mzee mmoja akasema, "Hata hivyo inalia vizuri."

Bi Dhabia akaketi chini polepole. "Pete ile," alisema, "aliikunja babu yetu mwaka maji yalipowachukua wanawe wawili. Kwa ajili yao ndipo ngoma ikatengenezwa."

Sheikh Mukbili alilia, wala hakuficha, na Unaisa alikaa mbele yake akiyatazama machozi yale, maana aliona kuyakwepa kungekuwa dhambi nyingine. Mwisho mwadhini akajifuta uso kwa kilemba.

"Dada yangu, sitakuambia kwamba si kitu. Ni kitu. Lakini jana niliwaambia watoto hawa, 'Hii ndiyo mikono ya babu yenu.' Kesho wangewaambia watoto wao. Tungesema uongo kizazi baada ya kizazi, na kila mmoja wetu akidhani anasema kweli. Wewe umetembea siku mbili kuja kututoa humo. Nimekusamehe kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Sasa tuonyeshe, kipi ni cha kale na kipi ni chako."

Unaisa akainuka kwa miguu yake iliyovimba, akawaonyesha kimoja kimoja: mzinga, vigingi, ngozi, pete. Akaomba kisu, na juu ya pete akachora alama ndogo ili atakayekuja baadaye asidanganyike. Kisha akala ule mkate, ukiwa umeshapoa, na akalala palepale mkekani kama mtu aliyezimia. Bi Dhabia akamfunika.

Aliporudi nyumbani alimkuta Bi Rudaina yu hai, na kidonda ubavuni. Mkongwe aliishi siku kumi na moja, kisha akafariki, na Unaisa ndiye aliyemwosha.

Habari ilienea, nayo haikumstahi. Miezi ilipita bila mtu kubisha hodi. Unaisa alisubiri, akisokota kamba za ngozi na kula alichojaliwa. Kisha siku moja akaja mtu wa bonde jingine, mgeni kabisa, na ngoma iliyochakaa kichwani.

"Wewe ndiye fundi aliyevunja pete ya akina Mukbili?"

"Ni mimi," alisema Unaisa, akainamisha kichwa.

Yule mtu akaitua ngoma miguuni pake. "Basi nimefika. Fundi asemaye alichovunja ndiye ninayemtafuta."

Enyi ndugu, Mola wetu anajua kwamba waja wake huchoka, na wala hakuwahesabia uchovu kuwa dhambi. Lakini shetani humjia mtu wakati ambapo mikono yake inataka tu kumaliza. Tumwombe Mwenyezi Mungu atupe subira ya siku sita, na tukiikosa, basi asitunyime miguu ya kwenda kusema kweli.