Jani la Mgomba na Mfuko wa Bwana Fisi

Hapo kale sana, wanangu, wanyama walipokuwa wakipika na kuazimana chumvi, aliishi Bi Kuchakulo, yule mnyama mdogo wa jamii ya kindi. Alikuwa mjane. Mumewe alizikwa palepale shambani, na watoto walikwishahama. Alikula peke yake, jioni akazungumza na sufuria. Upweke ulimuuma, tusifichane.

Siku moja, gu! gu! gu! mlangoni. Bwana Fisi huyo!

"Bi Kuchakulo, mtu mmoja, shamba lote hili la nini? Hama!"

"Nimwache mume wangu na nani?"

"Maiti hataki mwenzi! Hama, kabla sijakuhamisha kwa meno!"

Bi Kuchakulo akafikiri upesi. Nguvu hana, lakini akili anayo.

"Basi tuiulize ardhi, kama walivyofanya wazee wetu. Kila mmoja azike tonge la ugali, alifunge apendavyo. Ambaye zawadi yake itapokewa, shamba ni lake. Mzee Kobe atuamue."

"Nimekubali!"

Fisi hajafika mbali, Bi Kuchakulo akaangua kilio. "Ole wangu! Mimi nina jani la mgomba tu, litaoza mara moja! Mwenzangu ana mfuko wa plastiki, hauozi ng'o!"

Masikio ya Fisi yakasimama. "Heee! Kumbe!" Akatimka kuuleta.

Wakazika. Masika yakanyesha, yakaisha. Mzee Kobe akafukua.

Kwa Bi Kuchakulo hapakuwa na jani wala ugali, ila udongo mweusi, laini, na minyoo ikijinyonganyonga. Kwa Fisi, mfuko ni ule ule, unang'aa. Ugali ndani umevunda, puu!

"Nimeshinda!" Fisi akaruka. "Changu kipo!"

"Kipo kwa sababu kimekataliwa," Mzee Kobe akasema. "Ardhi hula kwa midomo ya mchwa, minyoo na vidudu tusivyoviona. Jani na ugali wamevila, vimekuwa mbolea. Mfuko wako umewashinda. Uchukue, uende zako."

Fisi akafyata mkia, akaenda.

Bi Kuchakulo akacheka, kwi kwi kwi! Akageuka amsimulie mtu. Hakuna mtu. Hata Mzee Kobe alikwishashika njia. Akaenda kwenye kaburi la mumewe, migomba ilikonenepa, akaketi chini.

"Nawe ulipokewa, mume wangu," akasema, akalia.

Ndiyo hivyo, wanangu: kinachooza hakipotei, kisichooza ndicho kisicho na kwao.