Kwata Haifukuzi Kwato

Mmewasikia wakubwa wakisema, "Kwata haifukuzi kwato," nanyi mkataka kujua imetoka wapi. Kisa chake ni hiki.

Katika kijiji kimoja cha Uzigua alikuwapo mjane aitwaye Mwanamkasi, mwenye shamba la mahindi kando ya pori. Jumbe wa hapo, Semdoe, aliwahi kuwa askari, na katika mambo yote ya uaskari alichokipenda ni kwata. Aliposikia kwamba bwana mkubwa wa wilaya atapita, aliamuru watu wazima wote wapige kwata uwanjani kila siku, asubuhi hadi alasiri. Asiyefika, viboko.

Mahindi yalikuwa yanakomaa. Msimu huo watu hushinda mashambani wakipiga madebe kuwatisha wanyama. Safari hii walishinda uwanjani, kushoto, kulia, kushoto, kulia. Nguruwe pori walipoona mashamba hayana mtu, wakaacha hata kungoja giza. Mwanamkasi aliomba ruhusa mara tatu. Mara tatu Jumbe alimjibu kuwa kwata ni adabu, kwata ni umoja, aliyekosa kwata hana kijiji.

Siku ya tisa Mwanamkasi alipitia shambani kwanza. Hapakuwa na bua lililosimama. Udongo wote ulikuwa umetifuliwa na kujaa alama za kwato. Hakulia. Aliokota magunzi yaliyotafunwa, akajaza kikapu, akaenda nayo uwanjani, akayamwaga miguuni pa Jumbe.

Jumbe akamwamuru aingie mstarini.

"Siingii," alisema Mwanamkasi. "Siku tisa tunanyanyua miguu kwa amri yako, na shambani hatujafika. Wenye kwato wamefika. Nenda kawapigie wao hiyo kwata yako, tuone kama watakimbia."

Jumbe akainua kiboko. Mzee Mhina, jirani wa yule mjane, akatoka mstarini akasimama kati yao. Akafuata mwingine, na mwingine, mpaka safu ikavunjika. Wakaenda mashambani kila mtu kwa mwendo wake.

Wengi waliokoa nusu ya mavuno. Mwanamkasi hakuokoa kitu. Mwaka ule alikula kwa majirani, na mpaka anazikwa hakumsalimu Semdoe tena. Bwana mkubwa mwenyewe hakupita.

Basi, mkimwona mkubwa anawapanga watu wamshangilie na huku riziki yao inaliwa, mwambieni usoni: kwata haifukuzi kwato.