Kisahani cha Wasiopewa Kitu

Pasipopandwa pakiota, palipopandwa usivune. Mmeusikia msemo huu, wajukuu zangu, nanyi mnauliza umetoka wapi. Basi sikilizeni, chanzo chake ni hiki.

Sekela alikuwa mwanafunzi wa chuo kimoja huko Mbeya. Likizo moja, yeye na mwenzake Lusajo walibaki kujifunza kazi za maabara kwa Dokta Nsajigwa. Walitaka kuwatia bakteria jeni mpya, ili wageuke wekundu wakikuta zebaki majini. Kwao Sekela, Chunya, watu husafisha dhahabu kwa zebaki, na hakuna ajuaye kisima kipi ni salama.

Jeni hiyo iliunganishwa na kinga dhidi ya dawa ya kuua bakteria. Dawa ilitiwa kwenye uji wa kuoteshea, ukaachwa ugande visahanini. Aliyepokea jeni angeota, asiyeipokea angekufa. Kisahani kimoja kiliwekewa bakteria wasiopewa kitu, waonekane wakifa.

Asubuhi walikuta vidoa vya bakteria vimejaa visahanini. "Tumepata!" Lusajo akaruka. Sekela akampigia mjomba wake simu papo hapo kumpa habari njema. Kisha akashika kisahani cha mwisho, kile cha wasiopewa kitu. Nacho kilikuwa kimejaa.

Akaduwaa. Akasoma maandishi ya pembeni, akayarudia. Alichanganya visahani? Mikono ilikuwa michafu? Kila jibu alilolishika lilimponyoka.

"Achana nacho hicho," Lusajo akasema. "Si vingine vimeota?"

"Hawa hatukuwapa kinga, Lusajo, na wako hai. Sasa wale wengine wako hai kwa sababu gani?"

Wakamwita mwalimu.

"Dawa mliitia uji ukiwa moto?" Dokta Nsajigwa akauliza.

"Ulikuwa bado unafuka mvuke," Sekela akajibu.

"Basi mliipika, ikaharibika. Humu ameota mwenye jeni na asiye nayo. Hamwezi kuwatofautisha."

Lililobaki lilikuwa zito zaidi. Sekela akapiga simu tena.

"Shikamoo, mjomba. Ile habari usiitangaze."

"Marahaba, mama. Mbona nimeshawaambia watu kisimani! Kwani havikuota?"

"Vimeota."

"Sasa?"

"Chukulia shamba, mjomba. Nusu umepanda, nusu umeiacha wazi. Kote kumeota sawasawa."

"Hayo huenda ni magugu."

"Ndiyo maana nasema, mjomba. Pasipopandwa pakiota, palipopandwa usivune."

Mjomba akaguna, akarudi kisimani na maneno hayohayo. Wengine walicheka, wengine walikasirika, lakini wote waliyashika.

Sekela na Lusajo walimwaga kila kitu wakaanza upya, safari hii wakingoja uji upoe hadi chupa yake ishikike mkononi, ndipo watie dawa. Kisahani cha wasiopewa kitu kikabaki kitupu. Katika vingine vikaota vidoa vichache tu, na Sekela akavifurahia vichache hivyo kuliko ule utitiri wa kwanza.

Kwa hiyo, mkiona mafanikio yamezagaa hata yasikostahili kuwapo, msikimbilie vikapu. Pasipopandwa pakiota, palipopandwa usivune.