Aliyesimama Pamoja na Wageni

Mama mmoja wa milima ya Upare alikuwa na wana wawili waliopendana. Mkubwa, Eliesikia, alikuwa mchungaji wa kanisa la pale pale kijijini. Mdogo, Mbonea, aligombea udiwani. Mama akatamba kwa majirani kwamba mwanawe mmoja ameshika mambo ya mbinguni na mwingine atashika barabara.

Kanisani mwao, baada ya matangazo, mzee wa kanisa huuliza kama kuna wageni. Wageni husimama, hutaja majina na walikotoka, washarika wakawapigia makofi. Mwaka wa uchaguzi wageni huongezeka ajabu. Watu waliokuwa hawajui hata mlango wa kanisa uko upande gani hushikwa ghafla na kiu ya Neno.

Jumapili ya mwisho kabla ya kura, Mbonea naye akasimama na wageni, amevaa shati la rangi za chama chake. Alibatizwa mle, akapata kipaimara mle. Wazee walikwisha kupanga: mchungaji amwite mbele amwekee mikono, na washarika watajua wenyewe la kufanya. Mama yao alikuwa benchi la mbele, amejitanda kanga mpya, anangoja kupiga vigelegele.

Eliesikia akamtazama mdogo wake, moyo ukamwuma. Alitamani sana kumwita. Lakini karibu na mlango aliketi mke wa mpinzani wa Mbonea, mtoto mgongoni, ameinamisha kichwa kama anayengoja kufukuzwa. Mchungaji akajua kwamba mikono yake ikishuka juu ya kichwa kimoja, mwanamke yule hatarudi tena.

Akasema, "Mdogo wangu, humu ni kwenu, wewe si mgeni. Keti tuombe pamoja. Kura kaziombe sokoni, nami nitakuja kukusikiliza kama raia wengine."

Mbonea akaketi, uso umemshuka. Mama yao akatoka kabla ya baraka, na siku zile hakukanyaga nyumbani kwa mchungaji.

Siku ya soko Mbonea alisimama juu ya kreti la soda mbele ya Waislamu, Wakristo wa makanisa yote, na wale wasioswali wala kusali. Walimbana kuhusu maji, wakambana kuhusu daraja. Alitokwa na jasho, akajibu, na pale asipojua akakiri kwamba hajui. Eliesikia alisimama katikati ya wauza nyanya bila kola yake ya uchungaji, naye akanyoosha mkono akamwuliza kuhusu zahanati, wala hakumhurumia.

Kura zilipohesabiwa, Mbonea alishinda. Soko zima lililipuka kwa shangwe, wenye kanzu na wenye rozari wakambeba juu juu, na vigelegele vilivyosikika kuliko vyote vilikuwa vya mama yake. Wote walikuwa wamempa kura wenyewe, na hakuna aliyeweza kumwambia kwamba amebebwa na mimbari.

Jumapili iliyofuata Mbonea aliketi benchi lake la siku zote. Mke wa mpinzani akaja, safari hii na mumewe, nao wakaimba kwa sauti kubwa. Mzee wa kanisa akauliza kama kuna wageni. Hakusimama mtu.

Basi niambieni, ninyi mnaogawa mimbari msimu wa kura: mkishampa mmoja, wengine mtawaketisha wapi?