Kitufe cha Kumwita Mtoa Damu

Hapo zamani, zamani ya juzi tu, hospitali moja ilikuwa na ukurasa wa mtandaoni wenye orodha ya watoa damu. Kila jina lilikuwa na kitufe chake cha kupigia simu. Mganga mkuu, Dokta Nyakunga, alitaka programu itakayobonyeza yenyewe kitufe kinachofaa mgonjwa anapozidiwa. Atakayeiweza angepewa ukuu wa kitengo cha kompyuta.

Wakaja mafundi watatu. Sikitu akakipa kitufe cha Kilumile, mtoa damu wa zamu, jina la pekee, akaiambia programu itafute jina hilo. Mkumbwa akaiambia yake ibonyeze vitufe vyote vyenye alama ya O hasi, kundi la damu linalomfaa kila mgonjwa. Pasiensi akawacheka wenzake kwa kujisumbua. Yake akaiambia ihesabu tu: kitufe cha kwanza kutoka juu. Siku hiyo kilikuwa cha Kilumile.

Wiki iliyofuata mwenyekiti wa bodi akaagiza picha yake iwekwe juu kabisa ya ukurasa, na chini yake kitufe cha kumpigia simu ya pongezi. Nani angemkatalia?

Kisha akaletwa Tabia, muuza vitumbua, amejifungua na damu haikatiki. Dokta, asiyemwamini fundi hata mmoja, akaamuru programu zote tatu ziendeshwe. Ya Sikitu ikamwita Kilumile, akaja mbio. Ya Mkumbwa ikaita watu thelathini, wakaziba geti, Kilumile akakwama nyuma yao. Ya Pasiensi ikampigia mwenyekiti. Akaja na suti, watu wakampisha getini, naye akidhani anapongezwa. Muuguzi akampima, kumbe naye O hasi, akalazwa atolewe damu, tai yake ikiwa shingoni. Chupa yake ndiyo iliyomshikilia Tabia mpaka Kilumile akapenya na ya pili. Ya tatu ikatoka kwa mmoja wa wale thelathini. Tabia akapona.

Mafundi wakaanza kugombana.

“Ni mimi tu niliyemwita niliyemkusudia,” alisema Sikitu. “Getini pangekuwa wazi, angewahi.”

“Na chupa ya tatu ungeitoa wapi?” aliuliza Mkumbwa.

Pasiensi alikiri kwamba programu yake ilikosea. “Lakini bila kosa langu,” alisema, “sasa hivi tungekuwa makaburini.”

Mwenyekiti naye akadai picha yake ndiyo iliyookoa maisha, basi iongezwe ukubwa.

Dokta Nyakunga ameshika barua ya uteuzi, nafasi ya jina iko wazi. Haya, nyinyi mnaonisikiliza: aandike jina la nani?