Sultani Aliyebandikwa Mlangoni pa Soko

Hapo zamani, katika mji mmoja wa pwani, alitawala Sultani Darweshi, mtu mwepesi wa kusema na mwepesi zaidi wa kukasirika. Katibu wake aliitwa Mselemu, na huyo Mselemu alikuwa na dada yake, Mize, mjane msokota kamba za makumbi, fukara asiye hata na kuku, ambaye watu walimdhania punguani kwa kuwa hakuacha jambo lipite bila kuliuliza.

Basi ikawa Sultani anamwoza binti yake, akamwamuru Mselemu aandike: "Kila nyumba ilete mikeka na mito mipya." Mselemu akaandika neno kwa neno, na waraka ukabandikwa mlangoni pa soko. Nusu ya mji wakasoma wakaona upya ni wa mito tu, wakakung'uta mikeka yao ya zamani wakaipeleka. Wageni wakaketi, na kabla pilau haijaletwa wakaanza kujikuna. Kunguni, jamani! Bwana harusi mwenyewe alijikuna mbele ya kadhi.

Sultani akawaka. "Mselemu, hilo neno 'mipya' ulilitupa wapi?"

"Nililiweka pale ulipoliweka wewe, Seyyidi."

Jibu hilo halikumsaidia kitu. "Mwenye kutoa waraka wa kufahamika kwa njia mbili hafai kukaa mji huu," akasema Sultani. "Niletee Ijumaa waraka wa mikeka ambao watu wawili hawatahitilafiana juu yake. Ukishindwa, hama na wanao!"

Mselemu akaandika akachana, akaandika akachana. Mize alikuwa amemlea nduguye huyo tangu mama yao afe, na kumwona akifunga mizigo kulimuuma sana. Ijumaa ilipofika akamwambia, "Wewe nifuate tu, ndugu yangu, wala usiseme neno."

Wakaingia barazani. "Waraka uko wapi?" akauliza Sultani.

"Ndiwe, Seyyidi," akajibu Mize. "Karatasi ikiulizwa hunyamaza. Wewe ukiulizwa unajibu, basi nani atakufahamu vibaya?"

Sultani akatabasamu, maana sifa alizipenda. "Umenena kweli, mama."

"Basi twende ukabandikwe."

Mawaziri wakainamisha nyuso wasionekane wakicheka. Sultani naye alikwisha kukubali mbele za watu, ikawa hana budi kwenda. Wakamkalisha kitini, mgongo ukiegemea mlango wa soko, na watu wakajipanga.

"Mikeka nayo iwe mipya?" akauliza mfinyanzi mmoja.

"Naam, yote."

Akafuata bibi mmoja. "Wangu una miaka saba, Seyyidi, lakini haujakaliwa hata siku moja."

"Huo ni mpya."

Akaja seremala. "Mimi nimeununua jana, ila kwa jirani aliyeulalia."

Sultani akajikuna kidevu. "Huo... kwako ni mpya."

Mfinyanzi, ambaye hakuwa ameondoka, akaruka. "Kumbe! Basi na wangu ni mpya, nimeurithi juzi."

"La! Huo ni mkuukuu!"

"Si kwake!" akadakia seremala. "Sultani amesema mpya ni kwa mwenye kuupata."

"Sivyo, amesema ni kwa usiokaliwa!" akasema bibi. Wakashikana maneno, kila mmoja akiapa kuwa amesikia kwa masikio yake.

Mize akasogea karibu na kiti. "Seyyidi, watu wamehitilafiana, na waraka ni wewe. Je, nani ahame mji?"

Mselemu akafumba macho. Sultani akamtazama yule mjane, akauma midomo, kisha kicheko kikamshinda, akacheka hata kilemba kikamwendea upande.

"Wallahi umenibandika, mama! Tangu leo hautoki waraka kabla hujauulizia maswali yako yote, nawe utalishwa na kuvishwa na nyumba yangu. Na nduguyo abaki."

"Abaki mjini, Seyyidi, au abaki kazini?"

"Kote kuwili!" akapiga kelele Sultani, akifuta machozi ya kicheko. "Kote kuwili!"

Mselemu akatoa kalamu akaiandika amri hiyo palepale, upesi, kabla dada yake hajauliza jingine.